Dada Masilo na Hukumu Mpya za Baleti

Dada Masilo alipofariki Johannesburg tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 39, tanzia nyingi zilimweleza kwa namna moja: huyu ndiye mwanamke aliyechanganya baleti ya Ulaya na ngoma za Afrika. Maelezo hayo yana ukweli, na ndiyo yaliyomuuzia tiketi Paris, New York na London. Lakini anayeishia hapo hatajua kwa nini kazi zake ziligusa watu kuliko za wengine waliochanganya kabla yake. Na hao hawakuwa wachache. Johannesburg imekuwa ikichanganya tangu 1978, pale Sylvia Glasser alipoanzisha Moving Into Dance, kundi lililowafundisha weusi kwa weupe pamoja wakati sheria zikiwatenga. Masilo alikuwa na jambo lingine mkononi. Alizichukua hadithi kongwe za baleti akazihoji kama ambavyo shangazi au mzee wa ukoo angezihoji: nani kamposa nani, nani kamwaibisha nani mbele ya watu, na aliyekosa atalipa nini? Kwa maswali hayo akabadili hukumu.

Ukizitazama vizuri, baleti kubwa za karne ya 19 ni mashauri ya ndoa. *Giselle*, iliyoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1841, ni shauri la msichana wa kijijini aliyependwa na kijana aitwaye Albrecht. Kijana huyo ni kabaila aliyevaa nguo za mkulima, na tayari ana mchumba wa hadhi yake. Siri inapofichuka, Giselle anarukwa na akili na kufa. Sehemu ya pili tuko makaburini usiku, miongoni mwa wili, mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya kuolewa, ambao humlazimisha mwanamume yeyote anayepita kucheza mpaka roho imtoke. Zamu ya Albrecht inafika, na Giselle anamkinga mpaka alfajiri. Kijana anapona. *Swan Lake*, iliyoanzia Moscow mwaka 1877 na ambayo leo huchezwa zaidi kwa kufuata toleo la Petipa na Ivanov la St Petersburg la 1895, nayo ni ya mwana wa mfalme anayeamriwa na mama yake achague mke, akampenda Odette, binti aliyegeuzwa bata maji kwa uchawi, kisha akavunja kiapo kwa kuhadaiwa na Odile, mwanamke mwingine aliyefanana naye.

Masilo hakuwa wa kwanza kuzigusa hadithi hizi. Mats Ek wa Sweden alimpeleka Giselle hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1982, na miaka mitano baadaye akawatoa mabata maji wake jukwaani wakiwa na vichwa visivyo na nywele. Mwaka 1984 Dance Theatre of Harlem ilimhamishia Giselle Louisiana, kwenye jamii ya weusi walio huru. Matthew Bourne alishangaza London mwaka 1995 kwa mabata maji wanaume. Kati ya hao Ek ndiye aliyemwathiri Masilo waziwazi, na hapa historia ina mzaha wake: mwaka 1977, baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana, Ek alitunga kazi aliyoiita *Soweto*. Msichana wa Soweto aliyezaliwa miaka minane baadaye ndiye aliyekuja kulilipa deni hilo kwa kuchukua Giselle na kwenda naye mahali ambapo Ek hakumfikisha. Maana hao wote walibadili mandhari, mavazi, hata jinsia. Msamaha wa Giselle hawakuugusa.

Masilo alizaliwa mwaka 1985, mwaka ambao serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari. Afrika Kusini ya wakati huo haikukosa baleti. Mabaraza ya sanaa ya majimbo, yaliyoanzishwa mwaka 1963, yaliendesha makundi ya baleti kwa fedha za serikali kwa ajili ya weupe, na ukumbi wa Nico Malan wa Cape Town ulipofunguliwa mwaka 1971 asiye mweupe hakuruhusiwa kuketi humo mpaka 1975. Nchi hiyohiyo ilimtoa John Cranko, mzaliwa wa Rustenburg, aliyeondoka kwenda London mwaka 1946 na baadaye kuifanya Stuttgart kuwa jina kubwa la baleti. Baleti ilikuwepo basi, lakini ilikaa nyuma ya mlango ambao mtoto wa Soweto hakuwa na ufunguo wake.

Masilo aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa akicheza na kikundi cha watoto wa mtaani kwao kiitwacho The Peacemakers, dansi za miziki ya redioni, walipofika Dance Factory iliyoko Newtown katikati ya Johannesburg. Mkurugenzi wake, Suzette Le Sueur, aliona kitu akawapa mafunzo ya kudumu. Hapo alijifunza baleti na dansi ya kisasa kwa pamoja, kisha akapitia National School of the Arts na mwaka mmoja katika kundi la dansi la Jazzart huko Cape Town. Akiwa na miaka 19 alikubaliwa P.A.R.T.S., shule ya Anne Teresa De Keersmaeker mjini Brussels, ambako Gregory Maqoma, mwana mwingine wa Soweto, alikuwa amemtangulia. Shule hiyo si ya baleti. Ni ya watunzi, na inafundisha jinsi ya kujenga kazi tangu msingi: muziki unahesabiwaje, jukwaa linagawanywaje, kitu gani kirudiwe na kipi kitupwe. Nadhani kule ndiko alikopata ujasiri wa kukata. *Swan Lake* ya kawaida ina matendo manne. Yake ina muda wa saa moja hivi.

Je, mtu kama huyu ni mtunzi wa baleti kweli? Wacheza dansi wake walicheza pekupeku, na ile sanaa ya wanawake kusimama kwenye ncha za vidole hakuijali. Wapo watakaosema alikuwa mtunzi wa dansi ya kisasa aliyeazima majina maarufu. Mimi sikubali. Vile viatu vigumu ni chombo tu, tena chombo kilichochelewa kuja. Baleti ilikuwa imeishi zaidi ya karne moja bila hivyo. Kilichoifanya baleti iwe baleti ni mambo mawili: mwili uliofunzwa kwa nidhamu ya mikao yake, na hazina ya hadithi ambazo kila kizazi hukabidhiwa na kuzipanga upya. Masilo alikuwa na vyote viwili. Miaka yake ya utunzi inasomeka kama orodha ya jumba la opera: *Romeo and Juliet* 2008, *Carmen* 2009, *Swan Lake* 2010, *Giselle* 2017. Mtu hawezi kutumia miaka kumi akigombania urithi usiomhusu.

*Swan Lake* ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani, baada ya kuonyeshwa kwenye tamasha la kitaifa la sanaa la Grahamstown mwaka 2010, na baadaye Lyon mwaka 2012. Wanaume kwa wanawake wote wamevaa tutu nyeupe, zile sketi fupi zilizosimama kama sahani, na chini ni miguu mitupu inayopiga sakafu. Mapema katika onyesho mmoja wao anawageukia watazamaji na kuwaeleza kwa kejeli desturi za baleti, na ukumbi unacheka. Muziki wa Tchaikovsky unapisha wa Steve Reich, Saint-Saëns na Arvo Pärt. Kisha shauri lenyewe linaanza. Wazazi wamepanga Siegfried, yule mwana wa mfalme, amwoe Odette. Siegfried hataki, kwa sababu anampenda Odile, na Odile ni mwanamume.

Afrika Kusini ilikuwa imeruhusu ndoa za jinsia moja kisheria tangu 2006, ya kwanza barani. Kwa hiyo kazi hii haikuwa ikidai sheria, sheria ilikwishapatikana. Ilikuwa ikiuliza kilichobaki baada ya sheria, yaani ukoo, majirani, mama anayeona aibu, na mapigo yanayotolewa mitaani kwa watu ambao katiba inawalinda kwenye karatasi. Na Masilo alifanya uamuzi ambao wengi hawautilii maanani: yeye mwenyewe alicheza Odette, yule bibi harusi asiyetakiwa. Angeweza kumfanya Odette kizuizi, mtu wa kuchukiwa. Badala yake ukimtazama anavyocheza, mdogo wa umbo, kichwa kimenyolewa, mikono ikikimbia kuliko macho yanavyoweza kufuata, unaona kwamba naye amefungishwa jambo asilolichagua. Lawama inawarudia waliopanga harusi. Katika toleo la St Petersburg kuna mchawi wa kubebeshwa kila kosa; hapa mchawi hahitajiki, sherehe ya familia inatosha.

Nina shaka na vichekesho vya mwanzo. Vinachukua nafasi kubwa, na wakati mwingine vinaonekana kumwomba radhi mtazamaji wa Ulaya kabla ya kumwambia jambo zito, kama mgeni anayetania ili apokewe. Lakini mwisho wake hauombi radhi kwa mtu. Tutu zimetoweka. Wacheza dansi, wanaume na wanawake, wanaingia wamevaa sketi ndefu nyeusi, vifua wazi, na mmoja baada ya mwingine wanaanguka. Hakuna anayesema wanakufa kwa nini. Katika nchi yenye watu wengi zaidi duniani wanaoishi na virusi vya UKIMWI, watazamaji wa 2010 hawakuhitaji kuambiwa.

*Giselle*, iliyozinduliwa Oslo mwaka 2017, ndiyo kazi yake kubwa, na ninaiweka juu ya *Swan Lake* bila kusita. Muziki aliutunga Philip Miller, akichukua vipande vya Adolphe Adam, mtunzi wa muziki wa asili, na kuvizamisha ndani ya sauti za watu na mapigo ya ngoma. Michoro ya nyuma ya jukwaa ni ya msanii William Kentridge, ambaye Masilo alikuwa amefanya naye onyesho la *Refuse the Hour* mwaka 2012. Kijiji si kile cha toleo la asili, cha wavunaji zabibu wenye furaha. Ni watu wa kazi za shamba, wenye midomo.

Neno hilo, midomo, nalitumia kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo penye uvumbuzi wake wa kiufundi, kuliko hata pale penye miondoko. Baleti ni sanaa ya kunyamaza. Mcheza dansi anafunzwa tangu utotoni kuficha hata pumzi yake. Watu wa Masilo wanaguna, wanafoka, wanapiga vigelegele, wanasema. Siri ya Albrecht inapofichuka, katika toleo la zamani wanakijiji husimama kando wakiwa na huzuni huku Giselle akichanganyikiwa katikati. Kwake Masilo kijiji kinamgeukia. Wanamcheka. Mama yake anamgombeza. Anabaki nusu uchi mbele yao, na mtazamaji anaelewa kwamba kilichomuua si moyo uliovunjika peke yake. Fedheha ilifanya kazi kubwa zaidi, na fedheha ni kazi ya wengi. Yeyote aliyekulia mahali ambapo habari ya binti wa mtu hufika sokoni kabla yake hana haja ya maelezo ya programu.

Sehemu ya pili ndipo hukumu inapogeuka. Wili za 1841 ni wasichana weupe wa mbalamwezi, vitambaa vyepesi, miguu isiyosikika. Za Masilo zimevaa nyekundu, na kati yao wamo wanaume, kwani aliona kwamba hata mwanamume hufa kwa kuvunjwa moyo. Malkia wao, Myrtha, amekuwa sangoma, mganga wa jadi, mwenye mgwisho mkononi, akichezwa na Llewellyn Mnguni, mwanamume ambaye kila akiingia jukwaani hewa inabadilika. Mizimu hii haikupotea njia kati ya dunia mbili. Imeitwa, na ina kazi. Albrecht anapofika kaburini kuomba, Giselle hamkingi. Anachukua mjeledi. Kijana anakufa, na Giselle anaondoka akiwa huru.

Ili kuona uzito wa kitendo hiki, kumbuka hadithi ya asili ilivyomalizika. Katika maandishi ya Théophile Gautier na Vernoy de Saint-Georges, Giselle anapotoweka alfajiri anamwelekeza Albrecht kwa Bathilde, yule mchumba wake wa kikabaila. Msamaha ule ulikuwa na faida kwa mtu: uliwarudisha mabwana majumbani kwao dhamiri ikiwa safi, na gharama yote ikabaki kwa binti wa mkulima. Kwa karibu miaka 180 watazamaji wameliona hilo kuwa uzuri wa roho. Afrika Kusini, nayo, ina historia yake na neno msamaha. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Desmond Tutu ilianza kusikiliza mashahidi mwaka 1996, Masilo akiwa na miaka 11, na watesaji waliosema ukweli wote kuhusu makosa yao ya kisiasa waliweza kupewa kinga ya mashtaka. Ni usomaji wangu, lakini siwezi kumtazama Giselle aliyelelewa katika miaka hiyo akikataa kusamehe bila kusikia swali ambalo mama wengi wa nchi ile walibaki nalo. Miaka miwili baada ya Oslo, maelfu ya watu waliandamana Cape Town kupinga mauaji ya wanawake. Kazi hii ilikuwa tayari barabarani, ikizunguka Uingereza.

Alipoteza kitu pia. Dansi ya wawili ya sehemu ya pili, pale Giselle anapomtegemeza Albrecht kwa utulivu wakati nguvu zinamwishia, ni kati ya kurasa nzuri kabisa za baleti yote, na uzuri wake unatoka katika msamaha huohuo. Ukiondoa msamaha, dansi hiyo haina pa kusimama. Masilo alijua na akailipa bei hiyo. Sehemu yake ya pili ina umati mzuri ajabu na kasi ya kutisha, lakini haina ule muda mrefu ambao watu wawili wanabaki peke yao. Kisasi ni cha haraka. Wanaolalamika kwamba onyesho linakimbilia mwisho wana hoja.

Labda ndiyo sababu katika *The Sacrifice*, mwaka 2021, alipunguza mwendo. Chanzo ni *The Rite of Spring*, ile kazi ya Nijinsky na Stravinsky iliyozua fujo ukumbini Paris mwaka 1913, ambamo msichana anateuliwa acheze mpaka afe ili ardhi izae. Masilo aliutupa muziki wa Stravinsky, jambo ambalo ni la kijasiri maana muziki huo ni maarufu kuliko dansi yoyote iliyowahi kutungwa juu yake. Akaweka wapiga muziki jukwaani na mwimbaji Ann Masina, anayesimama mahali pa mama. Miondoko akaitafuta katika dansi ya Kitswana, ya asili yake mwenyewe, ambayo mtoto wa mjini alilazimika kujifunza ukubwani. Wakati huohuo wacheza dansi kutoka nchi 14 za Afrika, waliokusanywa Senegal kwenye École des Sables ya Germaine Acogny, walikuwa wakianza kuzunguka dunia na *The Rite of Spring* ya Pina Bausch ya mwaka 1975, hatua kwa hatua kama alivyoiacha. Njia mbili za Waafrika kuushika urithi uleule, moja kwa kuuhifadhi kikamilifu, nyingine kwa kuufumua wote na kubakiza swali tu: kwa nini auawe msichana? Sioni haja ya kuchagua.

Ushawishi wake umebaki wapi? Ni rahisi kuuona kwenye ratiba za kumbi: The Joyce ya New York mwaka 2016, ziara ndefu za Uingereza 2019 na 2023, tuzo ya Prince Claus ya kizazi kipya mwaka 2018. Ratiba hizo zinafichua pia udhaifu wa hali yake. Kazi yake kubwa kuliko zote ilizinduliwa Norway, kwa kuwa fedha za kutengeneza dansi ya kiwango hicho ziko huko, na kijiji alichokichora kilionwa zaidi na watu wa Oslo na Paris kuliko wa Soweto. Yeye hakuwa na baleti ya taifa nyuma yake. Alikuwa na Dance Factory, wacheza dansi wachache aliokua nao, na mwili wake mwenyewe, kwani Juliet, Carmen, Odette na Giselle wote aliwacheza yeye.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Baleti haiishi vitabuni. Inapokezwa mwili kwa mwili, na mara nyingi imenusurika kwa bahati tu. *Giselle* na *Swan Lake* ziliweza kupangwa upya London miaka ya 1930 kwa sababu Nikolai Sergeyev alikuwa ameondoka Urusi baada ya mapinduzi akiwa na karatasi zenye alama za hatua za St Petersburg. Cranko, yule mzaliwa wa Rustenburg, naye alikufa ghafla mwaka 1973, akiwa na miaka 45, lakini Stuttgart ilikuwa na jengo, mishahara na walimu, na *Onegin* yake inachezwa mpaka leo kwenye miji ambayo hakuwahi kuikanyaga. Za Masilo zimerekodiwa kwa video, na waliozicheza bado wako katika umri wa kuzifundisha. Umri huo kwa mcheza dansi si mrefu. Inahitajika taasisi ya kulipia mazoezi, haki za kazi ziwekwe wazi, na msichana mmoja apatikane wa kusimama mahali pa mtunzi aliyekuwa pia mchezaji wake bora.

Naye akipatikana hatalazimika kuitii kila hatua. Huenda siku moja akaamua kumwacha Albrecht aende zake. Utakuwa uamuzi mgumu kuliko ule wa 1841, maana safari hii mjeledi utakuwa mkononi mwake.